Hauvuji

Daktari Namuyonga aliuchora moyo wangu
nyuma ya risiti ya eksirei,
kama papai lililoegemea kushoto.
"Hapa pamekufa tangu Machi.
Nyama imekuwa kovu, kovu limelegea.
Moyo ukibana, hapa panavimba nje,
damu inaingia humo na kuzubaa."

Nikacheka, kifua kikanikataza.
Miaka thelathini na mmoja pale Tororo,
mkabala na stendi ya malori,
naziba mipira ya baiskeli. Uvimbe naujua.
Mpira ukichoka upande mmoja hutoa shavu
kama mtoto aliyeficha posho mdomoni,
na mwenye baiskeli husema: jaza tu upepo, Oketcho,
nina safari ya Malaba.

Machi ile nami nilijaza tu upepo.
Kifua kilibanwa kama kwa jeki, mkono ukafa ganzi,
nikanywa soda, nikamaliza gurudumu la mteja.
(Alilipa nusu. Bado namdai.)

Mulago, kitanda cha dirishani,
Nyapendi alifungua fundo la kitenge:
ng'ombe wawili, shamba la mtama,
sadaka ya kanisa,
bahasha ya vijana wa boda, noti zinanuka petroli.
Alihesabu mara mbili. Akalifunga.

Moyo wakausimamisha.
Sijui nilikuwa wapi saa hizo; mashine inajua.
Wakapasua palipolegea,
wakakaza ukingo kwa uzi, kama mdomo wa gunia,
wakatia kiraka cha kitambaa, wakashona.
Chumba kikarudi kuwa kidogo,
kidogo chenye nguvu ya kubana.

Mimi mpira huukwaruza kwanza,
gundi ikauke kidogo, ndipo kiraka kishike.
Nilimwuliza: na nyinyi, msasa mlipiga?
Akaandika kitu kwenye faili.

Sasa natembea hadi bombani na kurudi.
Chumvi marufuku. Mwanangu Obbo ndiye anayepiga pampu,
mimi naketi kwenye kigoda, namlaumu.

Mpira nikishauziba, huutumbukiza kwenye beseni
nikangoja viputo.
Nyapendi hana beseni.
Usiku huweka sikio hapa, juu ya mshono,
muda mrefu, mpaka shingo imuume,
kisha ananivuta shuka.
Lala, anasema. Hauvuji.