Sura ya Tatu: Chumvi

Saa kumi jioni, Northwich imeshawasha taa.
Nyumba ya Bwana Hulse imelalia upande wa mto;
ukidondosha gololi mlangoni
inajiendea yenyewe hadi uvunguni mwa kitanda chake.
Usiogope, aliniambia siku ya kwanza,
mji huu umejitafuna tumbo.
Walivuta maji ya chumvi kutoka chini, miaka nenda miaka rudi,
wakaacha mashimo,
nasi tumekaa juu yake tunakunywa chai.

Ana miaka tisini na miwili.
Kwetu Gongoni tungesema amekula chumvi nyingi.
Huku daktari ameandika: asipewe hata chembe.

Nikishamwosha miguu huniagiza kitabu chenye jalada jekundu,
ripoti ya baba wa babu yake,
aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Balasore, pwani ya Orissa.
Macho yake yamezima. Yangu yanalipwa kwa saa.
Basi nasoma.

Sura ya kwanza ni mito. Subarnarekha na mchanga wake,
jina nalitafuna kama mfupa wa papa.
Bahari ya huko hupwa maili na maili,
kisha hurudi bila hodi.
Sura ya pili: mpunga, mikeka, sahani za mawe,
ng'ombe wa kulima laki kadhaa,
na barabara moja mbovu, ya kulaumiwa mvua.

Sura ya tatu.
"Wamalangi hukwangua udongo ulionyweshwa na bamvua,
huuchuja, huchemsha maji yake kwa moto wa nyasi
katika vyungu vidogo vilivyobanana kama sega la nyuki.
Ni kazi nyepesi, ya msimu."

Nyepesi.
Mama yangu alikwangua chumvi ya kampuni miaka kumi na tisa.
Jioni alitia mafuta ya nazi kwenye nyufa za visigino
na sisi watoto tuliambiwa tutoke nje
tusimsikie.

Endelea, anasema Bwana Hulse.
Naendelea. Zinakuja hesabu, ushuru, rupia na anna.
Chumvi ya hapa, ya mto huu unaopita nyuma ya jiko,
ilishuka kwa mashua hadi Liverpool,
ikapakiwa kama farumi
ili meli zisiyumbe zikienda kuchota mali.
Ikafika Kalkuta nyeupe, laini, ya bei ya chini.
Vyungu vya Balasore vikafunikwa kwa kifungu cha sheria.

Ukurasa wa mia na kumi na mbili, chini, herufi kama sisimizi:
"Ombi la Narahari Behera na wenzake arobaini
waruhusiwe kuchemsha chumvi ya kula nyumbani.
Limekataliwa."
Basi. Ng'ombe wamepewa jedwali zima.

Rudia hilo jina, anasema.
Narahari Behera.
Anageuzia uso ukutani, anakaa hivyo mpaka nadhani amelala.
Kumbe anakumbuka.
Ukoo wa mama yake, anasema, walikuwa wachemshaji,
hapa hapa, vifua wazi ndani ya mvuke,
na hakuna kitabu kilichowauliza majina.
Bibi mmoja tu anamjua, Keziah,
aliyeungua mkono wa kushoto.

Naleta chakula: viazi vya kuponda, samaki asiye na habari.
Anaonja. Anaweka kijiko chini.
Dama, tafadhali.

Nje kunaganda. Lori la halmashauri linapita taratibu,
taa ya manjano ikizunguka,
linamwaga chumvi barabarani, tani kwa tani,
magari yasiteleze.
Tunalisikiliza, mimi na yeye,
punje zikigonga geti la chuma.

Katika daftari la zamu nimeandika:
saa kumi na mbili na robo, amekula, amemaliza sahani,
amecheka mara moja.

Sikutia chumvi.