Zege na Kichupa

Miaka ishirini na miwili nimekoroga zege,
Nyegezi, Buswelu, Kisesa, hadi kuta za shule kule Igoma.
Kokoto, mchanga, saruji; maji unakadiria kwa jicho,
kisha koleo, na mgongo, na matusi kidogo.
Likianza kung'ang'ania koleo, limeiva.

Leo mezani, juu ya kitambaa alichofua mke wangu kwa maji ya moto,
kimesimama kichupa kisichozidi kidole gumba,
na ndani unga mweupe umeshikana chini kama ukoko.
Bei yake naijua kwa mifuko ya saruji.
Sitaitaja. Doto yupo.

Nesi Milembe alinifundisha siku tatu:
"Baba Kulwa, nawa hadi viwiko.
Futa kizibo kwa spiriti, kiache kikauke. Usipulize,
pumzi yako nayo ni uchafu."
Nikacheka. Hakucheka.
"Maji ni haya tu, yaliyokuja na dawa, mililita moja.
Si ya bomba, si ya kisima, si yaliyochemshwa yakapoa.
Na lile," akaonyesha ziwa dirishani, "liache huko huko."

Tunakaa Mabatini, juu, mawe yanakokaliana mabegani.
Ziwa zima tunaliona toka mlangoni,
na bado ndoo hutupandia kwa mia tano, kichwani mwa mtu.
Sikujua kuna maji
ya kuhesabiwa kwa vistari vya bomba la sindano.

"Sasa sukuma polepole. Usiupige unga, elekeza ukutani mwa kioo,
yateremke yenyewe kama jasho shingoni.
Halafu usitikise."
Usitikise! Mimi?
"Si togwa hiyo. Ukitikisa inatoa povu, dawa inakatikakatika.
Zungusha viganjani, kama unampasha joto kifaranga."

Viganja vyangu vimeliwa na saruji,
kioo sikisikii.
Doto ndiye huniangalizia, kidevu juu ya meza:
"Bado, baba. Kuna wingu.
Bado.
Haya, maji matupu."
Kisha anapandisha kaptula mwenyewe, anachagua paja.

Usiku mmoja wa mwezi wa nne umeme ulikatika.
Friji si yetu, ni ya Bugingo muuza soda;
kichupa hulala kati ya soda na minofu ya sangara,
elfu mbili kwa wiki, na shukrani.
Kipya nilikichanganya kwa tochi ya simu, mbio mbio,
na mkono ukakumbuka koleo.

Povu.

Nilikaa sakafuni nikalitazama likishuka.
Milembe akasema kwenye simu: kiache kitulie,
asubuhi kikiwa na wingu, usimchome mtoto.
Asubuhi kilikuwa na wingu.
Mifuko kumi na minne, haya nimeitaja.
Mke wangu hakunena neno;
alichukua kile kitambaa akakifua tena,
na kilikuwa safi.

Walipishana dakika kumi na moja kuja duniani,
na miaka sita ya kwanza walivaa shati moja kwa zamu.
Kisha Kulwa akaendelea, Doto akabaki pale,
kama aliyesimama kufunga kamba ya kiatu.
Watu wa mtaani waliuliza, huyu mdogo ana miaka mingapi?
Kulwa alijibu kwa ngumi. Shuleni wameshaniita mara tatu.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nawapima kwenye fremu ya mlango,
kwa penseli ile ile ninayochoria matofali.
Jana alianza Doto, kisigino ukutani, pumzi ameibana.
Alama mpya ilipita ya zamani kwa upana wa penseli.
Akaigusa. Akaigusa tena.

Akaja Kulwa, akasimama.
Ndani ya suruali pana ya shule
niliona magoti yake yamekunjwa, kidogo tu.

Mimi ni fundi, timazi ninalo jichoni.
Nikachora pale pale alipofika.