Nukta Nyuma ya Risiti

Kiwelu anasema ubongo ni kompyuta tu,
nyama badala ya bati.
Husema hivyo kila mteja akichelewa kulipa,
bisibisi sikioni kama penseli ya seremala,
nami humuuliza: kompyuta gani hiyo
isiyozimwa hata siku moja
mtu akaipuliza vumbi?

Mtaa wa Aggrey, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitenge.
Friji ya soda, feni, mashine kumi na moja tumbo wazi.
Bi Siwatu, mwalimu mstaafu wa hesabu, katoka Temeke
na kompyuta mpakato kaifunga kwenye kanga kama mgonjwa.
"Nikibonyeza leo, inajibu kesho."
Nikamwambia mashine haina neno, mfumo endeshi ndio umezeeka,
na kwa kuwa kuniuliza ni kunichokoza,
nikaendelea:

Mfumo mzuri ni kama mpishi wa shughuli,
ukimwona sana jikoni na ukumbini
ujue ubwabwa umeungua.
Kila programu huinong'oneza, "Mashine yote ni yako,"
kisha huikatakata sekunde moja vipande elfu,
huyu kijiko, yule kijiko,
na kila mmoja hunawa akiamini kala peke yake.

"Huo utapeli," akasema Bi Siwatu.
Malezi, mwalimu. Darasa lako lilikuwa la watoto wangapi?
"Mia na kumi."
Na kila mmoja alidhani unamtazama yeye.
Hakucheka. Nilitegemea angecheka.

Hapo Kiwelu akachomoa risiti, akaigeuza,
akachora msalaba kushoto, nukta nene kulia.
"Funga jicho la kushoto. Tazama msalaba tu.
Sasa ilete karibu, polepole, polepole."
Mkono wa mwalimu ukaja, ukasita.
"Nukta imekwenda wapi?"
Haijaenda popote. Jicho lina tundu
pale mshipa unapopita kwenda kichwani.
"Mbona sioni tundu? Naona karatasi nyeupe."
Ndiyo hivyo. Ubongo umechovya brashi kwenye rangi ya jirani
ukapaka, kama fundi wa nyumba ya kupanga
anayeziba ufa mpangaji mpya asije akauliza.

"Miaka thelathini na sita," akasema,
"nimesahihisha madaftari kwa jicho lenye tundu."

Kiwelu akapiga meza: "Si nimesema? Kompyuta!"
Hapana, Kiwelu. Hapa ndipo tunapoachana.
Kompyuta ikikosa kitu husema imekosa.
Hukwama mbele za watu, skrini bluu, herufi nyeupe,
haina haya. Mimi naiheshimu skrini ya bluu.
Ni kichwa changu ninachokishuku,
kichwa ambacho hakijawahi kuniandikia
*sijui*.

Umeme ukakatika.
Friji ikanyamaza, ndipo sote tukaisikia
ilivyokuwa ikipiga kelele tangu asubuhi.

Kwenye ule ukimya Bi Siwatu akasema, si kwetu,
"Palikuwa na mtoto, Semboja. Alikaa pembeni, dirishani.
Nilimwandikia *hayupo* karibu muhula mzima.
Mama yake alikuja analia: mwanangu anakuja kila siku.
Nikamwonyesha daftari la mahudhurio.
Nilikuwa na hakika, wanangu. Niliona dawati tupu."

Tundu la jicho halimezi mtoto mzima,
nilitaka kumwambia. Ni dogo, na jicho la pili hulifichia siri.
Kisayansi ningekuwa sahihi.
Nikatafuta tochi.

Umeme uliporudi mashine ziliamka moja moja,
kila moja ikiuliza tarehe.
Tukakubaliana elfu ishirini, badala ya ishirini na tano,
kazi tayari Alhamisi, mafaili yote salama.
Akaomba ile risiti.
Nikamwandikia nyingine, safi. Akakataa, akataka ile ile.

Nilimwona kwenye ngazi, ubavu ukutani,
watu wa vitenge wakimpisha na marobota yao,
kiganja kimefunika jicho la kushoto,
karatasi anaileta karibu, anaipeleka mbali,
anaileta karibu.