Baiti Ishirini na Nne

Nikisema vifurushi, Mchopa wa mizani huuliza:
vya wiki au vya mwezi? Dakika ngapi?
Namwambia hivi haviishi saa sita usiku.
Hivi vimelala ndani ya kompyuta ya chama
tangu fundi wa Masasi alipovisakinisha,
akapewa soda, akaondoka.

Tandahimba, Oktoba. Ghala limejaa hadi kwenye kenchi.
Vumbi la korosho limeingia mpaka kwenye kibodi,
herufi K imekuwa ngumu, unaigonga kama unabisha hodi.
Na Bi Asumini Nantanga yuko dirishani tangu asubuhi,
stakabadhi mkononi.
Kwake kila gunia kilo themanini, 
hapa themanini kasoro nusu.
"Nusu si kitu," akasema mtu kwenye foleni.
"Basi nipe wewe."

Sikujua pa kuanzia. Nikaanzia kwenye majina.
Ipo amri ndogo: unaiuliza lugha yenyewe,
una nini tumboni?
Nayo inataja, kimoja kimoja, haifichi, haijisifu.
Jina. Toleo. Leseni. Kinachomtegemea nani.
Kimoja kina jina hili kwenye karatasi, jina lile kazini,
kama mjomba wangu Chitanda,
ambaye benki inamjua kwa jina la kabla ya jando
na haimlipi mpaka mtendaji aandike barua.

Kisha kile kisomacho mizani.
Mwandishi: hajulikani.
Makao: hakuna.
Muhtasari: sentensi moja, imekatikia katikati
kama mtu aliyeitwa chakula kikiwa tayari.
Nikamhurumia.
Msimu wa wilaya nzima umekaa begani mwake
na hata jina hakuacha.

Lakini aliacha orodha.
Kila faili alilofunga ameliandika:
jina lake, alama ya kidole chake, uzito wake kwa baiti,
kama karani mzuri ashonaye lebo kabla ya kushona gunia.
Faili la kupimia: elfu nne mia moja na kumi na mbili.
Nikalipima lililopo.
Elfu nne mia moja thelathini na sita.

Nikafuta kioo kwa pindo la kanga. Nikapima tena.

Gunia linalozidi uzito bila korosho kuongezeka tunalijua.
Tumekuta kokoto. Tumekuta mchanga.
Mwaka juzi nusu tofali, limeviringishwa kwenye majani
kama mkate.
Mkulima hutajwa kwa spika, akatukanwa hadharani.
Ila mizani yenyewe kutiliwa kokoto,
hilo sikuwahi kulisikia kwenye spika.

Nikalifungua. Mstari wa tisini na moja:
nafasi nne tupu, kisha

    uzito = uzito - 0.5

kisha kile kimya cha kushuka mstari.
Nikahesabu kwa vidole, maana kimya nacho ni baiti.
Ishirini na nne.

Limeguswa lini: usiku wa kuamkia mnada wa kwanza,
saa nane na dakika tatu.
Na nani, haikuandikwa.
Funguo za ofisi ni tatu. Mmoja ni wangu.

Mwenyekiti Likwata alikuwa Mtwara mjini, semina.
Sikumpigia.
Nikachapa ukurasa mmoja, kwa wino wa bluu, mweusi uliisha,
nikaubandika ubaoni chini ya bei ya mnada.

Bi Asumini akausogelea. Hana miwani;
akausoma kwa kidole.
"Hii nini?"
"Lebo."
"Ya gunia lipi?"
"La hilo linalopima magunia."

Hakusema neno.
Akahesabu stakabadhi zake, sita,
akaniomba kalamu,
na pale chini, pembeni ya namba zangu ndefu,
akaandika yake:
3.