Reli Juu ya Mlango

Ulikuwa mlango wa chumba cha wageni.
Umbu langu Suweid alitaka kuutupa
siku walipoweka wa alumini.
Nikamwambia: uache. Sentimita themanini kwa mia mbili,
mtupu ndani, mwepesi, haujapinda popote.
Sasa umelala kifudifudi juu ya mapipa mawili
kwenye chumba cha juu, Al Khoudh,
nami nimeuinamia kama nilivyoinamia
meno ya bandia ya watu miaka thelathini na mbili.

Injini ilikuja imefungwa ndani ya soksi.
Mota yake ya zamani ilikoroma
kama mtu anayesukutua maji ya chumvi,
na mabehewa matatu yaliishinda.
Nikaifungua. Gia ya plastiki imevunjika jino.
Jino! Nikacheka peke yangu.
Nikachonga jingine kwa shaba, kwa drili ileile
niliyoagiwa nayo kazini.
Biju wa Ruwi, nyuma ya kituo cha mabasi,
akanitafutia mota ndogo kama kokwa ya tende.
Nikayeyusha risasi za nyavu, nikaimiminia tumboni,
maana injini nyepesi hukanyaga bila kushika:
gurudumu linazunguka, safari haipo.

Mpango nimeuchora nyuma ya sanduku la halua.
Tabora. Hapa stesheni, hapa reli inagawanyika,
kulia Mwanza, moja kwa moja Kigoma.
Baba alikata tiketi dirisha la pili.
Mita nzima baina ya reli na reli
hapa imekuwa milimita tisa.

Lakini kona ina sheria zake.
Injini ya magurudumu mengi haitaki kukunjwa;
ukiilazimisha inatoka, inalala ubavu
kama mbuzi aliyekataa kamba.
Nikapima. Nikafuta. Nikapima tena.
Kwenye mlango huu Kigoma haienei.
Suweid akasema, toboa ukuta.
Na ziwa utaliweka wapi, nikamuuliza, bafuni?
Basi Kigoma nimeikata: sentimita kumi na nne,
mataruma ishirini, kisha ukingo.
Mama yetu alikuwa mtu wa Ujiji.
Sikumwomba mtu ruhusa.

Milima nimefinyanga kwa plasta ya meno.
Nilikusudia nchi ya miyombo,
tambarare, mawe ya duara, kijani cha masika.
Mkono ukatoa mengine, makali, makavu,
yenye mistari ya kahawia:
yale yaliyoko dirishani.
Mara mbili nimeyabomoa.
Mara ya tatu nimeyaacha.

Na mwezi wa sita, kiyoyozi kikizimika, chuma kinatanuka.
Nimeacha mwanya kila kiungo,
unene wa tiketi moja.

Tundu la kitasa lilinisumbua wiki nzima,
limekaa palepale inapopita reli ya pili.
Mwingine angeliziba.
Nimeisogeza reli, tundu nimelijengea ukingo wa kokoto:
kisima cha kunyweshea injini.
Najua moshi wake ni tone la mafuta tu.
Lakini garimoshi lisilo na maji ya kunywa
halisadikiki.

Ikabaki sauti.
Biju anazo honi kumi na sita ndani ya chipu moja.
Nikazisikiliza zote, wateja wakisubiri nyuma yangu,
mmoja ameshika feni iliyoharibika.
Siyo hii. Siyo hii.
Ile ya Tabora ilikuwa na ufa mwishoni,
ikishuka, kama imesahau ilichotaka kusema.
Nikamrudishia chipu yake.

Usiku naiwasha bila honi.
Inapita stesheni, inapita kisima,
inapunguza mwendo penye kona kama nilivyoifunza.
Suweid anasimama kizingitini na kanzu ya kulalia,
miaka sabini na moja, meno ameyaacha kwenye gilasi,
anakunja midomo, anaipigia mluzi yeye.

Mara ya kwanza ulitoka upepo mtupu.
Mara ya pili
hakukosea sana.