Sukari ya Mwokaji

Gavina wa Oristano huhesabu umri kwa mifuko:
miwili, kila wiki ya tatu,
tangu ana meno ya utoto.

Ya nani leo? Ya mwokaji mikate?
Ya mlinzi wa bandari?
Huwashukuru asiowajua.

Ila kila mfuko humwachia chuma,
na chuma kikaota kutu mle ndani,
kikalila kongosho taratibu,
hata sukari ikapanda.

Daktari anasoma kipimo cha miezi mitatu:
"Safi kabisa."
Gavina anacheka.
"Daktari, hiyo sukari si yangu.
Umempima mwokaji."

Nyumbani anajichoma kidole.
Tone moja: mia mbili arobaini.
Anaisukuma kando keki ya asali
aliyoletewa na Bachisio, kaka yake.

Kisha anamega.
Kidogo.