Muunga Nyuzi

Mama, jikoni kwetu Mabela, neno kupunguza analitumia kwa chumvi:
"Punguza, mwanangu, presha imepanda."
Ndiyo maana barua ilipotufikia, Kiarabu cha nembo na muhuri,
niliitafsiri kwa lugha ya nyumbani nikacheka peke yangu:
watu arubaini na saba,
chumvi iliyozidi.

Kazi yangu mimi ni kuunga.
Nashuka shimoni nyuma ya stendi ya Ruwi,
Agosti, saa nne asubuhi, kifuniko cha chuma kinaunguza hadi ndani ya glavu.
Navua ganda la waya: buluu, chungwa, kijani, hudhurungi,
nyuzi za kioo nyembamba kuliko unywele wa kichanga.
Nazipangusa kwa spiriti, nazilaza mashineni uso kwa uso.
Cheche moja, zimeshikana.
Kisha mashine inanisomea hasara:
sifuri nukta sifuri mbili.

Hasara. Ndilo neno la mkurugenzi pia,
alilitaja mara sita ndani ya robo saa,
ukumbini, kiyoyozi kikitugandisha vidole,
na nyuma yake ukutani picha ya nani?
Yangu mimi na Muhenna, magoti ndani ya tope la Suwaiq,
usiku wa kimbunga, kofia za njano,
na maandishi chini: Watu Wetu Ndio Mtandao.
Muhenna alikuwa wa kumi na moja kwenye orodha.

Chama chetu hakina ofisi.
Kina Zuwena bint Saif wa kitengo cha bili,
na begi lake la nailoni, na sheria ya kazi
aliyoipigia mistari kwa penseli ya wanja
siku kalamu ilipomwishia wino.
"Asitie saini mtu," alisema.
"Hata ukiambiwa ni karatasi ya kupokelea karatasi."

Jumanne wakaniita peke yangu.
Chai ya zafarani, kikombe chembamba.
Wewe fundi, wakasema, wewe hatukugusi.
Tunawagusa wale wa kupokea simu tu, wa zamu ya usiku.
Sitadanganya: chai niliinywa ikaisha.
Nilikuwa nahesabu mkopo wa nyumba, miaka kumi na minne.
Kwenye lifti, kutoka ghorofa ya tano mpaka chini,
nilikuwa mtu aliyepona,
na uso niliouona kwenye mlango unaong'aa
sikuupenda.

Usiku nikawaeleza wenzangu, sablani, kahawa ikizunguka.
Zuwena hakunisifu.
Aliandika tarehe, saa, na majina ya waliokuwamo,
akaniuliza kama chai ilikuwa na sukari.

Wiki kumi na moja. Barua, wizara, kikao, barua.
Siku moja tulisimama nje ya jengo, ndani ya kivuli chake lenyewe;
kivuli kikihama, nasi tukihama,
mpaka saa sita kikatuishia miguuni
na hakuna aliyeondoka.
Raya wa zamu ya usiku alikuwa amesimama viatu mkononi,
akawapokelea simu wateja wake kwa mazoea:
"Habari za asubuhi, nikusaidie nini?"
Tukacheka mpaka mlinzi naye akacheka.

Thelathini na nane walirudi.
Tisa hapana.
Muhenna anauza vifuniko vya simu Seeb sasa,
nikipita hunipigia kelele: "Fundi! Bado unaunga?"
Na makubaliano yana saini za mwaka mmoja,
mwaka wenyewe umeshaanza kuliwa.

Mama anauliza, mmeshinda au mmeshindwa?
Anakuna nazi, nguru yuko sufuriani anasubiri kuungwa.
Namwambia nimeunga nyuzi maelfu,
sijaiona mashine ikisoma sifuri kavu.
"Lakini kiungo kinashika?"
Kinashika.
"Na hao tisa, wanakula nini?"

Nikamwondoa kwenye mbuzi, nikakaa mimi,
nikaikuna nusu iliyobaki.